Mbio za Sakafuni

Saa nane mchana jua la Haneti huwa halina haraka tena. Limekwisha kumpata kila mtu. Mama muuza barafu alifungua deli lake barazani kwa duka ili awape watoto wa shule vipakiti vyao vya ubuyu, na katika kupekua, bonge la barafu tupu, lile la kupoza mengine, likamponyoka. Lilianguka kwenye sakafu ya saruji bila kuvunjika. Likateleza. Likapita kati ya miguu ya waliokaa, likajizungusha taratibu, likafika ukingoni mwa baraza na kuangukia vumbini, na nyuma yake likaacha mstari wa maji uliong'aa. Mtoto mmoja akaukanyaga mstari ule kwa kandambili iliyolika kisigino, akaenda nao, mikono hewani, kifua mbele, na kwa kitambo kile kifupi hakuwa anakimbia wala kutembea, alikuwa anachukuliwa. Kisha akaketi sakafuni kwa kishindo. Watu wakacheka, naye akacheka, akainuka ili arudie. Mstari ulikuwa umekwisha kukauka.

Wako watu duniani walioufanya mstari ule kuwa kazi ya maisha. Kwa mtu wa nyanda za kati ni jambo gumu kulimeza, kwa kuwa huku kwetu maji hayajawahi kuwa sakafu. Maji ni kitu cha kungojewa. Mvua ya mwaka mzima Dodoma huzunguka milimita 500 hadi 600, huja kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu hufungwa na mito hubaki njia za mchanga ambamo watu huchimba visima. Hata utajiri wa milima ya hapa Haneti una maji ndani yake. Krisopresi, jiwe la kijani linalochimbwa huku, hupata rangi kwa nikeli, lakini likiachwa muda mrefu kwenye joto na jua hukauka ndani kwa ndani na kufifia, ndiyo maana anayelijua hulikinga. Jiwe, tena! Sasa mfikirie binadamu anayeweka ujana wake wote juu ya maji yaliyogandishwa, akijua kuwa yatayeyuka, na kwamba yeye mwenyewe atatangulia kuyeyuka kabla ya sakafu.

Maana uwanja wa barafu, ukiuvua fahari yake, ni sakafu tu. Chini kuna saruji kama ya barazani kwa duka. Ndani ya saruji mna mabomba, na ndani ya mabomba hupita kimiminika cha baridi kali, mara nyingi maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Juu yake humwagwa maji, tabaka jembamba baada ya jingine, mpaka unene wa sentimita tatu au nne hivi, basi. Uwanja wa namna hiyo ulio karibu nasi uko Nairobi, kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa; ulifunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo vijana wa Kenya Ice Lions walipojifunzia kucheza magongo ya barafuni, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori. Juu ya sakafu hiyo mchezaji husimama na viatu vyenye chuma chini yake, na chuma chenyewe kimechongwa mfereji katikati kikabakia na makali mawili, ya ndani na ya nje. Mchezaji wa kuteleza kwa mitindo hasimami juu ya chuma kizima. Husimama juu ya ukali mmoja, akiegemea upande, na kila mchoro anaouacha kwenye barafu ni ushahidi wa upande aliouegemea. Wazee wetu waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni hawakuwa na habari za mchezo huu, lakini wangeletewa wautazame wangetikisa kichwa kwa kuridhika. Sakafu ina mwisho wake. Na katika mchezo huu mwisho huja mapema kupita kiasi: msichana wa miaka 24 huitwa mkongwe, wakati hapa kijijini wa umri huo ndiyo kwanza anaambiwa aanze kuwa na akili.

Kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha kwenye simu video fupi isiyo na maelezo, yenye muziki wa singeli uliobandikwa juu yake na mtu asiyejulikana. Mwanamke mweusi mwenye vazi la buluu anateleza kinyumenyume, anajirusha, miguu inapita juu ya kichwa, anatua kwa mguu mmoja, na kabla hujapumua anaendelea kama aliyeruka kijito. "Huyu dada ni nani?" aliuliza kijana. Ni Surya Bonaly, Mfaransa, na hapo ni Olimpiki ya Nagano, Japani, Februari 1998. Alizaliwa Nice mwaka 1973 na kulelewa na wazazi waliomchukua akiwa mchanga. Alipoanza kusikika, magazeti yalilishwa hadithi kwamba ametoka kisiwani Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi, kwenye minazi na mchanga, kana kwamba ngozi yake ilihitaji kisiwa cha kuielezea. Mama aliyemlea, Suzanne, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na ndiye aliyemsimamia kwa sehemu kubwa ya safari yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na vyote viwili, na ulimwengu ulikuwa mkali zaidi.

Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995. Ubingwa wa dunia aliukaribia mara tatu na kupewa fedha mara tatu: 1993, 1994, 1995. Ile ya katikati, mjini Chiba, waamuzi tisa waligawanyika, watano kwa Yuka Sato wa Japani, wanne kwake. Alikataa kwanza kupanda jukwaani, kisha akavalishwa medali, akaivua mbele ya watu huku akilia. Waliosema hana adabu walisema sana. Mimi nadhani adabu ni neno jepesi mdomoni mwa mtu ambaye hajawahi kupimwa kwa kitu kisichopimika. Mkimbiaji hupimwa na saa. Mrukaji hupimwa na futi. Mtelezaji hupimwa na macho ya watu waliokaa, na macho yana mazoea yake: yamezoea shingo ya namna fulani, mkono unaokunjuka namna fulani, wepesi unaoficha jasho. Bonaly alikuwa na nguvu, na nguvu yake ilionekana. Alitoka kwenye jimnastiki, mwili wake ulijua kupaa, na kile kilichompandisha ndicho kilichonung'unikiwa kila alipoteremka.

Pale Nagano alikuwa ametoka kwenye jeraha baya la mshipa wa kisigino, na alikwisha kuona kwamba medali haipo tena. Sarakasi ya kinyumenyume ilikuwa imepigwa marufuku tangu Mmarekani Terry Kubicka alipoifanya kwenye Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976. Akaifanya hata hivyo, tena akatua kwa ukali wa kiatu kimoja, akamaliza wimbo wake akiwa amewapa waamuzi mgongo na watazamaji uso. Akashika nafasi ya kumi. Ukitazama ile video ya kijana wa bodaboda mara ya pili na ya tatu, furaha yake inapungua na kitu kingine kinajitokeza. Yule ni mtu anayeaga. Anawaambia: hesabuni mnavyotaka, mimi nimekwisha kuhesabu.

Baada ya hapo alizunguka Marekani akicheza katika maonyesho, kisha akawa kocha, Las Vegas na Minnesota. Las Vegas ni jangwa; mvua yake ni kidogo sana kuliko yetu, na bado wana barafu ya mwaka mzima, kwa kuwa wana umeme na fedha na hamu. Hapo ndipo fikra zangu hukwama na kukaa, kwenye jangwa lile, asubuhi, mwanamke aliyewahi kula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote wa Olimpiki ya Albertville 1992 akimshika mikono mtoto wa miaka sita na kumfundisha somo la kwanza. Na somo la kwanza katika mchezo huo ni kuanguka. Mtoto hufundishwa akunje magoti, aangukie upande, kwenye nyama ya paja, akunje vidole visije vikapitiwa na chuma cha mwenzake. Kisha apige goti moja, asimamishe mguu mmoja, ainuke. Kupaa huja miaka mingi baadaye kwa wachache. Kuanguka hutolewa kwa wote siku ya kwanza, bila ubaguzi. Waswahili husema kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele, na mara zote nimeona methali hiyo ikikwepa jambo. Vipi ukianguka kweli?

Kuna kituko kimoja cha mchezo huu kinachonigusa kuliko kupinduka kwenyewe. Mchezaji akiwa barafuni, kocha wake husimama nyuma ya ukuta mfupi unaozunguka uwanja. Haruhusiwi kuingia. Utamwona ameshika koti la mchezaji na chupa ya maji, na mwili wake unacheza: bega linainuka kabla ya mruko, goti linakunjika wakati wa kutua, mdomo unahesabu. Ile methali ya mbio za sakafuni tunaitumia kama kemeo kwa mwenye pupa, kana kwamba ukingoni hakuna mtu. Ukingoni yupo kocha. Naye hapo zamani alikuwa sakafuni. Halafu wimbo ukiisha, wawili hao hukaa kwenye benchi moja mbele ya kamera wakingoja alama, na hapo utaona mtu akihukumiwa kwa mara ya pili katika maisha yake kwa mwili usio wake. Sijui kazi nyingine yenye adhabu ya namna hiyo, labda uzazi.

Wako waliofika ukingoni bila hata kupewa sakafu. Mabel Fairbanks, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Florida mwaka 1915, alijifunza kuteleza New York katika siku ambazo mtu wa rangi yake alifukuzwa mlangoni. Alirudi mlangoni mpaka wakachoka wao. Alikuwa na kipaji cha kushindana na hakuruhusiwa kushindana, kwa hiyo hakuna alama hata moja ya ujana wake iliyoandikwa mahali. Akahamia Los Angeles, akafundisha. Mwanafunzi wake Atoy Wilson mwaka 1966 akawa mweusi wa kwanza kushinda taji la kitaifa la mchezo huo Marekani, katika daraja la wanaoanza. Tai Babilonia na Randy Gardner, ambao yeye ndiye aliyewaunganisha wakiwa watoto, wakawa mabingwa wa dunia wa jozi mwaka 1979. Yeye mwenyewe alitambuliwa rasmi mwaka 1997, akiwa na zaidi ya miaka 80. Tunapenda kudhani kwamba kocha humwaga kikombe alichojaza akiwa mchezaji. Fairbanks alimwaga kutoka kikombe ambacho wengine walikaa juu ya kifuniko chake, na hakikukauka.

Sisi hatuna barafu, lakini ukingo tunao, na tunao waliosimama hapo. Filbert Bayi alitoka Karatu, juu ya nyanda hizihizi ukizifuata kaskazini. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akiwa na miaka 20, alitoka mbele mlio wa bastola ulipotoka na hakuuacha uongozi wa mita 1500 hata kwa hatua moja. Dakika 3, sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka mwisho, akavuka kwa dakika 3, sekunde 32.5, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani. Mtu alivunja rekodi ya dunia akashindwa. Kocha yeyote wa mbio hizo, wa jana au wa leo, atakwambia kwamba kuongoza tangu mwanzo ni wazimu: unawakatia wenzako upepo, unawapa mgongo wa kuulenga. Bayi alifanya wazimu huo na rekodi ikadumu mpaka 1979, Sebastian Coe alipoipunguza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Halafu ikaja Olimpiki ya Moscow, 1980. Katikati hapo ulikuwapo mwaka 1976, ambapo nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zilisusia Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand kwa Makaburu, na pambano la Bayi na Walker ambalo dunia ililingojea halikufanyika. Moscow alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Akatoka mbele, kama kawaida yake, akawaacha mbali. Mzunguko wa mwisho ulipoanza dhahabu ilikuwa inaonekana kwa macho ya kila mwenye macho. Kwenye mruko wa mwisho wa maji Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Fedha. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000, na hizo mbili ndizo medali za Olimpiki tulizonazo hadi leo. Nyambui akawa kocha. Bayi akahudumu miaka mingi kama Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na yeye na mkewe Anna wakajenga shule. Kwa watu wa tafrija habari huishia hapo, kwa makofi.

Kwangu inaanzia hapo. Tabia iliyompa Bayi Christchurch ndiyo iliyomnyang'anya Moscow. Miguu ilikuwa ileile, na ukaidi wa kukaa mbele ulikuwa uleule. Angekuwa na kocha wa kumtibu ukaidi huo mapema, pengine angekuwa na dhahabu ya 1980 na asiwe na rekodi ya 1974, au asiwe na kimojawapo, akawa mkimbiaji mwenye busara ambaye hakuna mtu anayemkumbuka. Na Bonaly, mama yake angemlainisha nguvu zile ili awapendeze waamuzi, huenda Chiba ingekuwa yake. Lakini asingekuwapo mwanamke wa Nagano. Mchezaji haulizwi maswali haya, kwa kuwa mwili hujibu kabla ya swali. Kocha ndiye mwenye kuyabeba. Anatazama kosa la mtoto na hajui kama ni ugonjwa au ndiyo dawa. Akilinyoosha, huenda amenyoosha mgongo. Akiliacha, huenda amelea kilema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mchezaji wa zamani ana mashaka haya kuliko wote: anaona nyoka wake katika kila ung'ongo wa mwanafunzi.

Mwezi Mei, shule za msingi zinapojiandaa na michezo yao ya UMITASHUMTA, kiwanja kimoja cha Haneti huwa na mwalimu mwenye filimbi na watoto wanaokimbia peku kuzunguka mistari iliyochorwa kwa majivu. Siku niliyosimama kutazama, msichana mmoja alikuwa ametoka mbele tangu mwanzo na kuwaacha wenzake kwa pengo la kutisha, mtindo wa Bayi kabisa, ingawa sidhani amewahi kumsikia. Nilimuuliza mwalimu kwa nini hampigii kelele apunguze. Akaitoa filimbi mdomoni. "Nikimpunguza," alisema, "nitamrudishaje?" Mzunguko wa mwisho msichana akapitwa na wawili. Mwalimu akaandika majina ya wote watatu.

Wagogo wana shule yao ya mambo haya, na haina filimbi. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa kati ya mapaja, mikono miwili ikizungumza kwa kasi ambayo mgeni huhesabu mpaka akakata tamaa. Zamani ilikwenda pamoja na unyago wa wasichana. Siku hizi utaiona pia kwenye tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, vikundi vya vijiji vikija na vumbi lao na mashindano yao ya kimyakimya. Angalia nani yuko wapi. Wenye mikono ya moto wako mbele. Wakongwe, ambao vifundo vya vidole vimevimba, wako pembeni au nyuma, na mara nyingi ndio wanaoanzisha wimbo na ndio wanaojua lini uishe. Hakuna aliyewatangazia kustaafu. Wamesogea tu, mwaka hadi mwaka, kutoka kwenye ngozi ya ngoma kwenda kwenye koo, kutoka kwenye koo kwenda kwenye jicho. Jicho la bibi mmoja likimtazama msichana aliyechelewesha pigo, msichana hulipata pigo. Hapo sioni ukuta mfupi wa barafuni unaowatenga wa ndani na wa nje. Lakini sitaki kuipamba ngoma kupita kiasi. Nayo ina waamuzi wake, na wapo wasichana ambao jicho lile liliwapita.

Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la mchezo wa barafu liliondoa marufuku ya sarakasi ya kinyumenyume. Miezi kadhaa kabla yake Adam Siao Him Fa, Mfaransa ambaye wazazi wake wanatoka Morisi, kisiwa jirani na kile Bonaly alichobandikwa, alikuwa ameifanya kwenye mashindano ya Ulaya akijua atakatwa alama, na akashinda hata hivyo. Sasa vijana wanaifanya kwa uhuru na uwanja unashangilia. Maana yake, kitu ambacho Bonaly alikifanya kwa hasira na kwaheri kimeingia kwenye mitaala. Mzazi anaweza kuja na mtoto wake na kuomba afundishwe hicho hicho, kwa ada ya saa moja, na kocha akamfunga mkanda wa mazoezi kiunoni ili asivunjike shingo. Anaweza kumweleza lini arudishe mabega nyuma, lini akunje magoti, ukali upi wa chuma aupokee nao uzito. Yote hayo yanafundishika. Lakini pale Nagano kulikuwa na sehemu ya pili, ile ya kumalizia wimbo ukiwa umewapa waamuzi mgongo, na hiyo haijapangiwa alama mpaka sasa.